Na Mama Je, Nani Amuulizaye Hali?

(Mawaidha yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya Tarawehe, yakaandikwa upya kwa ajili ya wasomaji)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni zake Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.



Nilipoambiwa nizungumze, wengi walidhani nitaeleza fadhila za Laylatul Qadr ama adabu za funga. Mada hizo zina wenyewe, na masheikh wetu wametutosheleza. Mimi ni mwanafunzi wa sheria tu, niliyesoma madrasa hapa hapa mtaani kabla ya kwenda chuo kikuu. Nataka nizungumze nawe, ndugu msomaji, juu ya jambo lililomo ndani ya nyumba zetu na hatulitaji: maradhi ya moyo na akili yanayowapata kina mama wakati wa mimba na baada ya kuzaa, na vile ambavyo serikali yetu, na sisi wenyewe, tumepanga ama hatukupanga kuwasaidia.

Najua kuna kijana hapo nyuma anasema moyoni, "Haya ni mambo ya wanawake." Ngoja kidogo. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo.

UMAR NA MTOTO ALIYELIA USIKU

Wanahistoria wetu wanasimulia kisa cha Umar bin Khattab (R.A.) alipokuwa khalifa, kati ya mwaka 634 na 644. Msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina ukapiga kambi. Umar akamchukua Abdurrahman bin Awf (R.A.), wakaenda kuulinda usiku. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake akamwambia amche Mungu na amtazame mwanawe vizuri. Akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena, akaenda mara ya pili kwa maneno yale yale. Mwisho wa usiku akamsikia tena, na mara hii akamkaripia: mama gani asiyeweza kumtuliza mwanawe usiku kucha?

Yule mama hakujua anazungumza na nani. Akamjibu kuwa anamwachisha mtoto ziwa kwa nguvu, na mtoto hataki. Akaulizwa kwa nini amwachishe mapema. Akasema, kwa sababu Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa.

Alfajiri ile Umar alisalisha watu, na kilio kikamzidi hata kisomo chake kisisikike vizuri. Kisha akaamuru itangazwe kuwa watu wasiwaharakishe watoto kuacha ziwa, na kwamba kila mtoto atakayezaliwa katika Uislamu ataandikiwa posho yake tangu kuzaliwa. Akaandika barua mpaka mikoani.

Hebu tazama, ndugu yangu. Mara tatu alimwendea mama kama mwenye makosa. Aliposimama kusikiliza ndipo alipojua kuwa kosa liko kwenye kanuni aliyoiweka yeye mwenyewe. Na hakumpa yule mama sadaka ya siku moja akaenda zake. Alibadilisha kanuni kwa ajili ya kina mama wote. Hiyo ndiyo inayoitwa sera: utaratibu wa wenye mamlaka unaoingia mpaka ndani ya hema la mama, usiku, na yeye asiuone.

YALIYOTUKUTA NYUMBANI

Dada yangu mkubwa amenipa ruhusa nisimulie haya, kwa sharti nisimtaje jina. Alijifungua mtoto wake wa kwanza miaka minne iliyopita. Kama ilivyo ada yetu, alikuja kuzalia kwa mama. Siku arubaini alitunzwa kweli kweli. Mkandaji alikuja kila asubuhi, maji ya moto yapo, uji wa pilipili manga upo, mchuzi wa kuku upo, na ufagio hakuushika. Siku ya arubaini na moja mkandaji alichukua haki yake akaenda zake, mama akarudi kwenye biashara yake ya mahamri, na dada akarudi kwake. Mume wake ni mtu wa zamu za usiku, mchana analala. Nyumba ikanyamaza.

Akawa halali hata mtoto akilala. Chakula anakitazama tu. Siku moja mama alinituma nimpelekee mbaazi. Nikamkuta amekaa sakafuni, mtoto analia kitandani, naye anatazama ukuta. Nikamwambia, "Dada, mtoto yuwalia." Akanijibu, "Namsikia. Lakini naona kama yuwalia nyumba ya jirani."

Maneno yakaanza. Shangazi mmoja akasema hana shukrani, wangapi wanatafuta mtoto na hawapati? Mwengine akasema ameingiwa. Kikasomwa kisomo, akanyweshwa kombe. Na mimi, msomi wa madrasa na wa chuo, nilimwambia, "Dada, imani imepungua hiyo. Soma Qur'ani, moyo utatulia."

Nilimsindikiza kliniki mara mbili, chanjo ya wiki kumi na ile ya wiki kumi na nne. Mtoto alipimwa uzito, akadungwa sindano, tarehe ya kurudi ikaandikwa kitabuni. Muuguzi alikuwa mpole, lakini alikuwa peke yake na foleni ilifika nje mpaka chini ya mwembe. Mtoto aliulizwa kila kitu: ananyonya? anatapika? anaendesha? Mama hakuulizwa hata neno moja. Tukarudi nyumbani na kitabu kimejaa.

Ramadhan ilikuwa imeingia. Aliyeuliza mwishowe ni bibi mmoja jirani, muuguzi aliyestaafu. Alileta sahani ya kaimati kabla ya Magharibi, kama vile majirani wanavyopelekeana futari. Akamtazama dada, akaweka sahani chini, akasema, "Na wewe mwanangu, walala?"

Dada alilia mpaka adhana ya Isha. Yule bibi hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia avumilie. Siku ya pili walikwenda pamoja hospitali. Akapata mshauri nasaha wa kuzungumza naye kila wiki, na daktari akampa dawa ambayo mama anayenyonyesha anaweza kuitumia. Halikuwa jambo la siku moja, lilichukua miezi. Leo, Alhamdulillahi, mtoto anasoma chekechea na mama yake anacheka tena.

Baadaye aliniambia neno ambalo sitalisahau. "Ulinambia nisome. Nilikuwa nasoma. Nasoma Yasin huku machozi yanamwagika, na nikimaliza najiona mnafiki, manake moyo hautulii kama mulivyosema. Neno lako ndilo lililonifunga mdomo."

Wallahi niliona haya. Mimi nilikuwa nimemwendea mama kumkaripia, kisha nikaondoka bila kungoja jibu.

MARADHI HAYA NI NINI?

Kina mama wengi hupatwa na wepesi wa kulia na moyo kubadilika badilika siku chache baada ya kuzaa. Hiyo ni hali ya kawaida, na kwa kawaida haizidi wiki mbili. Ikizidi hapo, mama akakosa usingizi, akakosa hamu ya kula, akajiona hana thamani ama hana mapenzi kwa mtoto, hayo ni maradhi. Huitwa unyogovu, wengine huita sonona. Yanaweza pia kuanza wakati wa mimba. Kuna aina moja kali zaidi, humpata mama mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000: mama anasikia sauti, anaona visivyoonekana, anasema mambo yasiyoeleweka. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto hata kidogo.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu wajawazito 16 katika kila 100, na karibu wazazi 20 katika kila 100, wana maradhi ya akili, hasa unyogovu. Yaani katika kila kina mama watano waliokaa kwenye benchi la kliniki, huenda mmoja wao anaumwa. Lete hesabu hiyo mtaani kwako. Lete kwenye ukoo wako.

Na tuache kusema kila anayelia ana upungufu wa imani. Soma Surat Maryam, kuanzia aya ya 23. Qur'ani inatueleza kuwa uchungu wa kuzaa ulimpeleka Maryam (A.S.) kwenye shina la mtende, akatamani lau angekufa kabla ya hayo na akasahaulika kabisa. Sisemi kuwa alikuwa na maradhi haya. Nasema kwamba mwanamke mbora wa zama zake alitamka neno zito kama hilo, na hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji, akapewa tende mbivu, akaambiwa ale, anywe na atulize jicho, na akaondolewa mzigo wa kuwajibu watu maswali. Chakula, maji, utulivu, na kukingwa na maneno ya watu. Sisi tunaanza na maneno ya watu.

Na Mtume wetu (S.A.W.), kama ilivyopokelewa na Bukhari na Muslim, alikuwa akiingia katika sala akitaka kuirefusha, akasikia mtoto analia, akaifupisha kwa kuwa alijua namna moyo wa mama unavyoumia. Jamaa nzima ilifuata mwendo wa mama mmoja aliyeko safu za nyuma.

SHERIA INAMJUA MAMA KORTINI

Sasa niingie katika fani yangu. Tulipokuwa tukisoma Kanuni ya Adhabu ya Kenya, yaani sheria ya makosa ya jinai, nilifika kifungu cha 210. Kinasema kuwa mama akimuua mtoto wake asiyefikisha miezi 12, na ikathibitika kuwa akili yake iliyumba kwa kuwa hakupona sawasawa athari za kuzaa ama za kunyonyesha, basi hahukumiwi kama muuaji wa kukusudia. Kosa lake linachukuliwa kama la kuua bila kukusudia.

Niliifunga simu niliyokuwa nikisomea, nikatoka nje. Manake nilimwona dada yangu amekaa sakafuni. Kumbe sheria yetu inayajua maradhi haya! Imeyajua tangu zama za mkoloni. Lakini inayajua mbele ya hakimu, mtoto akiwa kaburini na mama akiwa kizimbani. Kule kliniki, wiki ya sita, wiki ya kumi, wiki ya kumi na nne, wakati ambapo swali moja lingewaokoa wote wawili, dada yangu hakuulizwa.

Kifungu cha 226 nacho kilikuwa kikimfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mama aliyezidiwa na maradhi akinusurika, polisi wangeweza kumngojea kitandani. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kujiua ni haramu katika dini yetu, hilo halibadiliki. Lakini mgonjwa hatibiwi kwa pingu.

Haki ya Mungu isemwe, nchi hii imefanya mambo. Tangu Juni 2013 kina mama walianza kujifungua bila malipo katika hospitali za serikali, kisha ukaja mpango wa Linda Mama. Oktoba 2024 SHA ilishika nafasi ya NHIF, na kwa hiyo hakikisha mke wako ama dada yako amesajiliwa kabla mimba haijawa kubwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyesha. Kuna Sera ya Afya ya Akili ya 2015 hadi 2030, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yamezipa kaunti jukumu la kuleta huduma hizi karibu na watu.

Lakini jiulize: likizo ya miezi mitatu inamfikia nani? Mwalimu, karani, mfanyakazi wa benki. Mama anayepika mahamri alfajiri, anayeuza viazi vya karai jioni, anayefua nguo za watu, likizo yake inakwisha siku pesa zinapokwisha. Na kaunti ina jukumu, lakini jukumu lisilo na fungu la pesa kwenye bajeti ni wino tu.

WENZETU WA PAKISTAN

Utasema, "Ndugu, madaktari wa akili wako wapi? Hata hospitali kubwa hawatoshi." Kweli. Kwa hivyo sikiliza kisa hiki.

Huko Pakistan, nchi ya Waislamu kama sisi, kuna wanawake wahudumu wa afya wanaotembea nyumba kwa nyumba vijijini. Si madaktari, ni wanawake wa kijiji hicho hicho waliosoma kiasi. Daktari Atif Rahman na wenzake waliwapa baadhi yao mafunzo mafupi ya namna ya kuzungumza na mama mwenye unyogovu. Wakaanza kumtembelea mama mwezi wa mwisho wa mimba, wakaendelea mpaka mtoto akawa mkubwa kidogo, ziara kumi na sita kwa jumla. Zaidi ya kina mama 900 wa vijiji vya Rawalpindi, wote wakiwa na unyogovu, walifuatiliwa. Matokeo yakachapishwa mwaka 2008 katika jarida la Lancet. Miezi sita baada ya kuzaa, kwa kina mama waliotembelewa kwa ziara za kawaida tu, 53 katika kila 100 walikuwa bado wagonjwa. Kwa wale waliozungumziwa kwa utaratibu ule, walikuwa 23.

Na waliingiaje nyumbani bila kuleta fitina na mama mkwe? Hawakusema, "Mkaza mwanao ana ugonjwa wa akili." Walisema, "Tumekuja kwa ajili ya afya ya mtoto." Mama mkwe gani atakataa hilo? Akakaribishwa kwenye mazungumzo naye pia, akapewa kazi ya kusaidia. Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa utaratibu huo mwaka 2015.

Sasa turudi kwetu. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima. Umewaona mtaani na mikoba yao, wanapima presha, wanapima sukari. Njia ya kufika nyumbani ipo tayari. Kinachokosekana ni kuwafundisha swali la mama na jibu lake. Na liko dodoso la maswali kumi tu, lililotungwa Edinburgh mwaka 1987, ambalo mama hulijaza kwa dakika chache na likaonyesha kama anahitaji kusaidiwa. Halihitaji mashine, halihitaji umeme.

TUFANYE NINI?

Sitaki utoke hapa umesikitika tu. Nakuomba mambo matatu.

La kwanza, nyumbani. Arubaini ni sera nzuri ya mabibi zetu, lakini maradhi haya hayajui hesabu ya arubaini. Endelea kwenda baada ya siku hiyo. Beba mtoto saa moja mama alale. Wewe baba mwenye haki ya wiki mbili, zichukue, na usizimalizie barazani. Na Ramadhan hii, anayenyonyesha akihofia nafsi yake ama mtoto, na mgonjwa anayemeza dawa, sheria imewapa ruhusa ya kula. Suala la kadha na fidia amuulize sheikh wake. Asifunge kwa kuogopa macho ya wifi. Na kama amekula, msimfanye mpishi wa nyumba nzima tangu Adhuhuri mpaka daku kwa sababu "yeye hafungi".

La pili, msikitini na madrasa. Maimamu wetu, mkiletewa mama wa namna hii, someni kisomo, na kisomo kikiisha mumuulize mumewe, "Hospitali mumekwenda?" Neno hilo likitoka kwako, sheikh, litafuatwa kuliko likitoka kwangu.

La tatu, kaunti. Katiba inalitaka bunge la kaunti lishirikishe wananchi katika kazi zake. Kila mwaka makadirio ya bajeti yanatakiwa yafike bunge hilo kufikia tarehe 30 Aprili, na yapitishwe kabla ya mwisho wa Juni. Vikao vinatangazwa, na sisi vijana hatuendi, kisha tunalalamika. Twendeni, na tuombe mambo mawili yanayohesabika: kila mama anayeleta mtoto chanjo aulizwe hali yake na jibu liandikwe, na wahudumu wa mitaa yetu wafundishwe na walipwe kwa kazi hiyo, huku kila hospitali ya kaunti ndogo ikiwa na mshauri nasaha mmoja wa kupelekewa watakaoonekana wagonjwa. Tukienda watu wawili tutasikizwa kwa adabu. Tukijaza ukumbi, pamoja na mama zetu, litaandikwa.

Lakini usingoje bajeti ndipo uanze. Kesho kabla ya Magharibi, utakapotumwa sahani ya futari kwa nyumba yenye mtoto mchanga, usiitoe mlangoni ukakimbia. Kama wewe ni dada, ingia. Kama wewe ni kaka, muingie mwenyewe dada yako, na kwa jirani mtume mama yako. Mtoto atakuwa anatazamwa na kila mtu. Mtazame mama, muulize kama analala, kisha ngoja jibu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape shifaa kina mama wanaoumwa kimya kimya, awarehemu waliotangulia, atusamehe kwa maneno tuliyowaambia bila ujuzi, na atupe viongozi wanaosikia mtoto akilia usiku.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.